Kimya Kilichokula Mega

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya vilima vya Butembo, na mbuzi wa mahari walioletwa na Aristote walikuwa wamefungwa kwenye uzio, wakitafuna majani kana kwamba shughuli ile haiwahusu. Keren aliwatazama kutoka dirishani, liputa jipya, kitenge cha kujifunga, likimkwaruza kiunoni. Wakiliwa, ataolewa. Wakirudishwa, Aristote naye atarudi nao Beni, kwenye chumba chake cha kupanga kule Bungulu, na hataukanyaga tena uwanja huu.

Uamuzi haukuwa wa baba yake wala wa mchungaji. Katika ukoo wao, neno hilo hupitia kwa shangazi, yule aliyemwogesha msichana siku alipozaliwa. Shangazi humtazama usoni mbele ya watu na kumwuliza mara tatu: hawa mbuzi, tuwale? Mara ya kwanza msichana hunyamaza. Mara ya pili hunyamaza. Mara ya tatu hujibu. Akinyamaza zote tatu, amekataa, wala hakuna wa kumlazimisha.

Tangu utotoni Keren alipenda kule kunyamaza kuliko jibu lenyewe. Katika harusi za dada zake aliona jinsi nyumba nzima ilivyoelea: kikombe cha chai kikasimama katikati ya safari ya kwenda mdomoni, wazee wakasahau kukohoa, na msichana akawa peke yake mahali fulani, kama mtu aliyelala chali juu ya maji ya ziwa.

Lakini shangazi yake, Agar, alikuwa Eringeti kwenye shamba lake la kakao, na vita vilikuwa vimeifunga barabara. Ulikuwa mwaka ule wa état de siège, jeshi lilipokabidhiwa utawala wa jimbo. Magari yalikwenda kwa msafara, wanajeshi mbele na nyuma, na hata hivyo mengine yaliteketezwa njiani. Kwa hiyo baba mdogo Gamaliel, msemaji wa ukoo, alipotaja mahari aliongeza kitu ambacho hakuna aliyewahi kukidai: mbuzi, blanketi la mama, koti la baba, na mega za intaneti za kutosha kuuleta uso wa shangazi mpaka sebuleni.

"Mega?" Kabongo alikuwa ameshangaa siku ile. Yeye ndiye aliyemsemea Aristote, kwa kuwa wote wawili walikuwa watumishi wa serikali waliotumwa kutoka Kasai, mmoja ofisini, mwingine shuleni. "Papa Gamaliel, kwetu banaombaka mbuzi, na mbuzi inatembea yenyewe. Hii mega yenu inakufaka mbele ya kufika!"

"Donc ulete minene," Gamaliel akajibu. "Ile ya kukonda njo inakufaka mu njia."

Aristote alinunua nene. Forfait, kile kifurushi cha mega, ilimeza sehemu kubwa ya mshahara wake wa ualimu, na sasa simu yake ilikuwa imesimamishwa mezani, imeegemea chupa ya chai, watu wote wameikodolea macho.

Kule Eringeti mtandao haukushuka popote isipokuwa juu ya kichuguu kirefu nyuma ya kanisa. Hapo ndipo Agar alipopanda, amevaa kitenge chake cha Krismasi. Uso wake ulifika Butembo vipande vipande: kwanza kilemba, kisha jicho, kisha kijani cha mikakao kikitiririka pembeni kama rangi iliyomwagika.

"Keren? Mutoto wangu, uko unaniona?"

"Niko nakuona, tante."

"Umenona! Ao ni hii simu?"

Watu wakacheka. Agar akakaza uso.

"Keren. Hii mbuzi ya batu, tukule?"

Keren akanyamaza. Mambo yakawa kama alivyoyaota. Nyumba ikaelea. Ukungu ukaingia dirishani ukakaa na wageni. Akamwona Aristote ameshika kikombe ambacho hakikufika mdomoni.

"Keren, mbuzi tukule?"

Akanyamaza tena, akajiachia juu ya maji yale. Kwenye simu, shangazi naye alitulia, mdomo nusu wazi, kama mtu anayetaka kuanza wimbo. Alitulia muda mrefu. Shangazi huyu ni hodari kweli, watu walifikiri, anaipamba mara ya tatu. Hakuna aliyethubutu kuigusa simu. Wazee waliinamisha vichwa kwa heshima. Waliiheshimu picha iliyoganda mpaka simu ikatetemeka na kutangaza kwamba forfait imekwisha.

Ikatetemeka mara nyingine. Ujumbe wa maandishi kutoka kwa Agar. Gamaliel akausoma kwa sauti:

"Nimeuliza mara tatu. Mutoto amenyamaza mara tatu. Murudishe mbuzi ya batu."

Florentine, mama yake Keren, akajishika mdomo. Aristote akasimama. Hakuitazama simu, alimtazama Keren.

"Ni kweli?"

"Ya tatu sikuisikia! Haikufika!"

"Mais shangazi amesema," Gamaliel akanong'ona. "Kimya ni kimya."

"Papa, réseau ya simu njo ilinyamaza!" Kabongo akapiga kelele. "Réseau ndiyo ya kuolewa?"

Wakampigia Agar. Hapatikani. Alikuwa ameshuka kichuguuni. Mawingu yakaanza kugusa vilima, na Gamaliel akatoka kwenda kufungua kamba, kwani mbuzi waliokataliwa hawanyeshewi mvua katika uwanja wa waliowakataa.

Kabongo akatoa simu yake. Namba ya Agar ilikuwamo tangu siku za mipango. "Kamata. Iko makombo ya mega tu. Video hapana, audio labda."

Keren akaichukua, akamfuata Gamaliel mpaka uzioni.

"Sema ndiyo, haraka!" Gamaliel akamhimiza.

Keren akabonyeza kurekodi, wala hakusema kitu. Alipumua. Mbuzi mmoja akalia, tone la kwanza likagonga bati.

"Mama na mama!" Kabongo akashika kichwa. "Anajaza kimya ndani ya mega yangu!"

Keren akamwinulia kidole. Akanyamaza mara ya pili, ndefu kama ya kwanza. Kisha akasema, polepole:

"Mukule, tante."

Audio ikaondoka. Alama moja tu ya kijivu: haijafika. Mvua ikashuka, na hakuna aliyekwenda kujikinga; Aristote alishika kamba ya mbuzi bila kuivuta. Milima ikafutika. Ilikuwa kama uwanja umeng'oka, unakwenda zake taratibu pamoja nao, mbuzi na wote.

Alama ya pili ikaja. Kisha sauti ya Agar, ikitweta:

"Keren. Nilishuka, magoti ikakataa kuenda. Ni miye nilikuogesha. Kimya yako ninaijua, inapumuaka. Ile ya tatu haikupumua. Njo maana nimepanda tena. Gamaliel! Wacha kamba ya batu! Tutakula!"

Akaanza vigelegele. Vilipanda juu, vikapanda tena, na vilipofika kileleni vikakatika kati. Makombo yalikuwa yamekwisha.

Florentine, amelowa mpaka ngozi, alinyanyua uso kwenye mvua na kuvipokea kwa sauti yake palepale vilipokatikia.