Kumbukumbu Mia Mbili na Kumi na Nne za Hask

Kaisa Rautio alikuwa amepewa Jumamosi moja tu. Kwa miaka tisa kundi lao lilikuwa likicheza katika ulimwengu aliouunda Wendell, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye meza yake ya kulia chakula ndiyo waliyoizunguka. Wendell ndiye aliyekuwa mwongoza mchezo: alieleza kilichopo mbele ya wachezaji, nao wakasema wahusika wao wanafanya nini, kisha dadu ikaamua. Mwezi Oktoba Kaisa alikuwa amekiri, huku akiangalia sahani yake, kwamba naye alikuwa na ulimwengu wake, na kwamba ulimchukua miaka miwili. Wakakubaliana wajaribu mara moja. Ukiwafaa, watakaa humo majira yote ya baridi. Usipowafaa, watarudi kwa Wendell na daftari la Kaisa litarudi kabatini. Hilo la pili halikusemwa na mtu, lakini yeye alilijua.

Alichojivunia ni uchawi wake. Haukuwa na fimbo wala maneno ya ajabu. Kila mchezaji aliandika mambo ambayo mhusika wake anayakumbuka, na kila alipotaka kufanya uchawi alifuta jambo moja kwa kalamu ya wino. Lililofutwa mhusika hatalijua tena maisha yake yote. Kaisa aliujaribu peke yake chumbani, kwa kumbukumbu kumi kumi, na mara mbili alishindwa kufuta, kwa uchungu wa kuipoteza iliyobaki.

Saa saba mchana walikuwa wamekaa, mikate ya nyama na viazi ikiwa katikati ya meza, na theluji ya kwanza ya mwaka katika mji wao wa Marquette ikianguka nje bila haraka. Lorna, mke wa Wendell, alikuwa na kumbukumbu kumi na moja. Wendell alikuwa na tisa. Dewey, dereva wa gari la kusukuma theluji, akatoa daftari zima la shule.

"Mia mbili na kumi na nne," akasema. "Nimezipa namba."

"Dewey, bwana," akasema Lorna, "wewe ulikuwa unaandika au unaendesha?"

"Theluji haikuwepo wiki nzima. Nilikaa garini nikiisubiri, nifanye nini?"

Kaisa akafungua ukurasa wa sheria zake. Pale palipaswa kuwa na idadi, hapakuwa na idadi. Alikuwa ameandika tu: andika kumbukumbu za mhusika wako. Lakini Lorna alikuwa ameshatupa dadu kuona nani anaanza, na katika meza ile sheria haibadilishwi baada ya dadu ya kwanza kuanguka. Wendell mwenyewe aliwahi kusema kwamba nyumbu anaweza kubeba chochote, akavumilia miezi minne ya nyumbu aliyebeba mapipa ya mafuta yanayochemka.

Wakaingia katika mji wa Orrun, ambao watu wake walikuwa wamefungiwa ndani na baridi. Kuni zilikuwa mbichi. Mhusika wa Dewey, mvushaji wa watu mtoni aliyeitwa Hask, akafuta namba tisa, moto ukawaka. Lango lilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao mlinzi ambaye Kaisa alikuwa amemtengenezea jina, mke na jino bovu. Hask akafuta namba thelathini na moja, lango likapasuka. Mlinzi hawakumwona kabisa.

"Sasa sisi wengine tumekuja kufanya nini?" Lorna akauliza. "Niende jikoni nikaoshe vyombo?"

"Nibebeeni mizigo," akasema Dewey.

Wendell akavua miwani akaifuta kwa shati. "Binti, hapa sheria yako ina shimo."

"Naliona," akasema Kaisa.

Akaenda kuongeza maji kwenye birika ingawa lilikuwa limejaa. Akasimama jikoni akihesabu. Kumbukumbu mia mbili na kumi na mbili zilikuwa zimebaki, na yeye alikuwa ameandaa vikwazo kumi na vitano. Waungwana wale wangemaliza mchezo, wangemsifu kwa upole, kisha Lorna angemfungia mkate mmoja wa kwenda nao nyumbani. Sifa zile za upole ndizo alizoziogopa.

Aliporudi, mbwa wa mawe walikuwa wamewazingira sokoni.

"Nafuta arobaini na mbili," akasema Dewey, kalamu tayari mkononi.

"Unafanyaje?" Kaisa akauliza.

"Nafanyaje nini? Nafuta."

"Hask anafanyaje? Kumbukumbu inayomtoka anaionaje?"

Wendell akarudisha miwani machoni. Swali lile alikuwa amewauliza yeye kwa miaka tisa, kila mtu aliposema tu kwamba anapiga au anapanda, na hakuna mchezaji mezani pale aliyeruhusiwa kulikataa.

Dewey akatazama daftari. "Supu ya samaki. Kijiko kilikuwa kimepinda."

"Nani aliipika?"

"Sijaandika."

"Hask anajua. Kwa sasa bado anajua."

Dewey akakuna shingo. "Dada yake, basi. Kijiko alikipinda akifungulia kopo. Akakataa kukitupa, akawa anakula nacho yeye ili Hask apate kizuri." Akafuta. Mbwa wakavunjika vipande.

"Kumbe Hask ana dada," akasema Lorna.

"Sikujua na mimi."

Iliyofuata ilikuwa namba sitini, viatu vilivyolowa. Kaisa akauliza tena, kwa sauti ile ile ndogo. Viatu vilikuwa vya dada, akimkimbiza Hask kwenye matope kwa sababu aliiba asali. Lorna akacheka. Dewey hakucheka, na mstari alioupiga ulikuwa mwembamba.

Kisha wakafika kwenye daraja lililokatika, maji ya barafu chini yake, na askari wa Orrun nyuma yao.

"Haya, bwana tajiri," akasema Wendell. "Tuvushe."

Dewey akafunua ukurasa mmoja, akafunua mwingine. Akaanza kusoma moja kwa sauti, akaiacha katikati. Kaisa akasubiri.

"Naogelea na kamba," akasema Dewey.

"Una kumbukumbu mia mbili na kumi," akasema Lorna.

"Najua nilichonacho, mama. Naogelea."

Akatupa dadu, ikatoka mbili. Maji yakampigiza Hask kwenye mwamba, mkono ukavunjika, lakini kamba ilifika ng'ambo, na kwa kamba hiyo wenzake wakavuka.

"Sijawahi kuona ubahili wa namna hii," akasema Wendell.

Saa kumi na moja walikusanya karatasi. Wendell akasema sheria ile bado ina shimo, na Kaisa akajibu kwamba wahusika wapya wataandika kumbukumbu kumi na mbili.

"Langu usiliguse," akasema Dewey. "Ila nitaongeza jina la dada. Nilisahau kumpa."

"Huwezi kuongeza. Dadu imeshaanguka." Kaisa mwenyewe alishangaa jinsi neno lilivyomtoka bila kuomba radhi. "Mtafute mtu mjini anayelijua."

Dewey akafikiri. "Mkono wangu utachukua Jumamosi ngapi kupona?"

"Sita."

Wendell akainuka, akaenda kwenye kalenda ya jikoni, akazitia alama zote sita.