Pini Kwenye Shela

"Huna kitu," daktari aliniambia, kama wenzake waliomtangulia. Wifi yangu, mwenye duka tunaloshonea, aliyadaka maneno hayo nilipomsimulia dukani.

"Umesikia? Huna kitu! Bibi harusi anakuja jioni. Shela isipokwisha, cherehani yako nampa mwingine."

Nilianza kubana pindo kwa pini. Ganzi ikapanda tena kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, mkono ukawa kama wa kuazima. Ningesema, angeniita bingwa wa kuugua.

"Mbona unajikokota? Ganzi ya uvivu hiyo!" Akasogea kulikagua pindo.

Doa jekundu lilikuwa likitanda kwenye kitambaa cheupe. Pini ilikuwa imezama kidoleni mwangu hadi kwenye kichwa chake, nami naendelea na kazi.

"Wifi, huisikii?"

"Siisikii."

Aliichomoa polepole, akingoja nikunje uso. Sikukunja.

"Tema mate kwenye doa, upesi," alisema. "Damu yako hutolewa na mate yako mwenyewe."

Nilijaribu. Hofu ilikuwa imenikausha kinywa. Akaninywesha maji kwa kikombe chake, kama mtoto.

"Kunywa taratibu, wifi yangu. Bibi harusi atasubiri."