Kitanda cha Juu, Selo Kumi na Nne

Simu ililia saa moja na dakika ishirini asubuhi, Chepngetich hajavua hata koti. Aliiacha ilie mara mbili, akatundika koti nyuma ya mlango, akavuta kiti kwa mguu. Mezani karatasi za mahakama zilikuwa zimeshamngoja: majina sitini na mawili, kila jina na selo yake, kitanda chake na saa yake. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuhakikisha kwamba mahabusu aliyeandikwa ndiye atakayepelekwa mbele ya hakimu. Alikuwa katika mwezi wa tano wa mkataba wa miezi sita, na asubuhi hiyo alikuwa amebadilisha mabasi matatu kutoka kwake Brampton, barabara ikiwa tope la theluji mwanzo hadi mwisho.

"Ofisi ya rekodi," alisema kwa Kiingereza.

"Samahani, namuulizia baba mkwe wangu. Ghulamabbas Alireza. Nilipiga jana, nikapiga juzi." Sauti ilikuwa ya mwanamke aliyekwisha kujifunza kuomba kwa adabu. "Naongea na nani?"

"Chepngetich."

Mwanamke akakitua Kiingereza kama mtu anayetua ndoo. "Dada! Wewe ni wa Kenya? Mimi Kanizfatema, kwetu Tanga. Nisaidie, dada yangu. Wananiambia mzee amekataa kwenda mahakamani. Mara mbili! Mzee wa miaka sabini na moja, kosa lake lifti. Lifti imekwama mara ya nne kule Thorncliffe tulikokuwa tukikaa, akamsukuma msimamizi wa jengo. Barua ya mahakama ikaenda nyumba tuliyohama. Ijumaa polisi wakaja kumchukua. Anataka kutoka kuliko mimi ninavyotaka atoke, sasa akatae vipi?"

Chepngetich alitafuta karatasi ya jana. Hairuhusiwi kumsomea mtu wa nje kilichoandikwa ndani ya jela. Aliisoma kimoyomoyo, akairudia, na mara ya pili mdomo ulitoa sauti wenyewe.

"Wameandika hapa kwamba alikataa kutoka selo ya adhabu, akawatukana askari kwa Kifaransa."

"Kwa lugha gani?"

"Kwa Kifaransa."

Kanizfatema alicheka. Kicheko kilimtoka bila kutarajia, kikakatika papo hapo. "Dada, baba hajui hata kuomba maji kwa Kifaransa. Ana Kiswahili, Kikutchi na Kiingereza cha dukani. Na selo ya adhabu ya nini? Ana sukari. Ana magoti mabovu. Tangu Jumapili hajapiga simu. Wakili anasema leo saa nane ndiyo mwisho. Akikataa tena, hakimu ataisogeza kesi wiki tatu. Wiki tatu, dada! Mtamtoa kwenye jeneza?"

"Nitaangalia," alisema Chepngetich, na neno hilo lilimchosha kabla halijamaliza kutoka. Alikuwa ameshaahidi watu wengi kwamba ataangalia.

Aliangalia kweli. Kompyuta ilisema Ghulamabbas Alireza aliingizwa selo kumi na nne, kitanda cha juu. Nani alimpandisha mzee mwenye magoti mabovu kitanda cha juu, kompyuta haikusema. Jumatatu alikutwa na vidonge mkononi, akaandikwa mfanyabiashara wa dawa ndani ya gereza, akahamishiwa adhabu, simu yake ikafungwa. Kitanda cha chini: Eustache Mbuyi, miaka ishirini na minne.

Kwa kawaida mambo haya yangemalizwa na mkanda wa plastiki, ule wenye picha na namba ambao kila mahabusu hufungwa mkononi siku ya kuingia. Lakini mashine ya kuichapa mikanda ilikuwa imekufa tangu Aprili. Amri ikaja kwamba kwa muda watu watambuliwe kwa selo na kitanda. Kwa muda. Sasa ilikuwa Novemba. Nesi aliita kitanda, chakula kiliitwa kitanda, mahakama iliitwa kitanda. Jengo zima lilikuwa na kamera mia tatu na halikuwa na jicho hata moja.

Saa nne na nusu Chepngetich alichukua fomu tatu zisizohitajika na mtu, akazibana kwapani, akateremka.

"Lo, rekodi imeshuka kutoka mbinguni!" alisema Sean, askari wa zamu, bila kuondoa miguu juu ya meza. "Kuna nini? Mmegundua kwamba sisi pia ni watu?"

"Nataka saini ya kumi na nne chini."

"Chini hana shida. Hana kelele. Nenda."

Alifungua kidirisha cha mlango. Kwenye kitanda cha chini alikaa mzee wa Kikhoja, ndevu nyeupe pe, kofia ya duara aliyoikata kutoka kwenye mkono wa sweta, miguu imevimba ndani ya kandambili za jela. Kitanda cha juu kilikuwa kitupu.

"Shikamoo, mzee," alisema Chepngetich kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kwa sababu askari walikatazwa kuzungumza lugha asiyoielewa bosi, na makarani pia.

Mzee aliinua uso. "Marahaba, mwanangu." Midomo ilikuwa mikavu, imepasuka. "Alhamdulillah. Umetoka wapi wewe?"

"Wewe ni Ghulamabbas?"

"Ndiye mimi. Lakini hapa naitwa Chini." Alitabasamu kidogo. "Nimewaambia jina langu. Yule askari akanijibu kwamba humu kila mtu ni mtu mwingine. Sasa niite lolote, mwanangu, ilimradi nitoke."

"Kwa nini uko chini? Wewe umeandikwa juu."

"Kuna kijana wa Kongo, Mungu amlinde. Usiku wa kwanza aliniona nimeshika ngazi, siwezi kupanda. Akashuka. Akasema, papa, siwezi kulala chini yako wewe ukateseka juu. Nikamwambia, kaa kwako, bwana. Akatoa shuka lake, akalitandika juu, kwisha maneno." Mzee aliilamba ile midomo. "Nesi anapeleka vidonge vyangu juu, kijana ananishushia. Anangoja nesi aondoke, ananishushia. Jumatatu wakamkamata navyo mkononi. Wakampeleka. Toka hapo sijameza kidonge."

Chepngetich alisimama na fomu zake. Hesabu ilimjia yote kwa pamoja, na ilikuwa hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Kijana alimpisha mzee kitanda, kama alivyofundishwa na mama yake. Kwa adabu hiyo mmoja amekuwa mhalifu wa dawa, mwingine amekuwa mkaidi wa mahakama. Siku mbili askari wamekwenda selo ya adhabu kumwita mzee wa Tanga, wakamkuta kijana mweusi wa Kongo, na hakuna aliyenyanyua macho kwenye karatasi akamtazama usoni.

Alikwenda adhabu. Eustache alizungumza kupitia tundu la chakula, amepiga magoti sakafuni ili sauti ipite.

"Mama, banakuya kila siku, banaita jina ya papa. Miye nasema non, miye si ule mzee! Banasema, unakataa? Nasema sikatai, si miye! Banaandika banaenda." Alivuta pumzi. "Niliwatukana, ndiyo. Unisamehe. Papa anameza dawa?"

"Bado."

"Ziko huku. Nesi anazileta huku. Nilimwambia si zangu, akasema kama sitaki nitupe. Sikutupa." Vidole vyake vilitokea tunduni na kikaratasi kilichokunjwa. Vidonge sita. "Mupelekee."

Chepngetich alivitazama. Karani akikutwa na vidonge vya mahabusu, mkataba hauisubiri siku ya mwisho wake, na polisi wanaitwa. "Siwezi kuvichukua," alisema, na aliona haya kama mtu aliyekataa mkono wa salamu. "Nitamwambia nesi." Vidole vilirudi ndani.

Nesi alimsikiliza kwa heshima, akafungua kompyuta yake, akasema dawa humfuata mgonjwa, na mgonjwa yuko adhabu, inaonekana pale wazi. Akimpa dawa ya sukari mtu wa kumi na nne chini ambaye hana sukari, huyo mtu akianguka, nani atafungwa?

Saa saba kasorobo Chepngetich alisimama mbele ya Joanne, msimamizi wa rekodi. Joanne alikuwa Mgoa aliyezaliwa Pangani, Nairobi, akaletwa huku akiwa na miaka sita. Kiswahili chake kilikuwa kimebaki maneno ya jikoni, na aliyatumia alipotaka kupendwa.

"Mama yangu wee, kaa kwanza," alisema. Alisikiliza yote, kisha akarudi kwenye Kiingereza. "Kubadilisha utambulisho kunahitaji alama za vidole. Afisa wa vidole yuko likizo mpaka Jumanne."

"Hakuna haja ya vidole, Joanne. Mmoja ni mzee Mhindi mwenye ndevu. Mwingine ni kijana Mwafrika. Twende ukawaone. Dakika tano."

"Nikienda nikaona, itabidi niandike kwamba nimeona. Nikiandika, watakuja wakaguzi wa wizara na kuuliza ni wangapi wengine tangu Aprili." Alivua miwani, akafikicha macho. Macho yalikuwa mekundu. Kwa miezi minane alikuwa akifanya kazi ya watu watatu. "Unajua ni wangapi wengine?"

"Sijui."

"Mimi pia sijui. Nimebakiza wiki tisa nistaafu. Usinifanyie hivi. Pole pole, mama. Jumanne."

"Saa nane ni leo."

Joanne alivaa miwani. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Saa nane na dakika tano karatasi ilirudi kutoka adhabu, saini ya askari chini yake: amekataa. Mahakama ilikuwa hewani kwa video, ikingoja. Kazi ya Chepngetich ilikuwa kuandika neno hilo kwenye kisanduku na kulituma. Jana aliliandika mwenyewe. Juzi pia. Aliyatazama maandishi yake ya siku zile mbili, na hasira iliyompanda haikupata wa kumshukia ila yeye.

Aliandika: *Hakukataa. Hakuitwa. Aliyeitwa ni mtu mwingine. Ghulamabbas Alireza yuko selo kumi na nne, kitanda cha chini, mgonjwa, na hajapewa dawa tangu Jumatatu. Nimemwona kwa macho yangu.* Akaweka jina lake kamili.

"Futa hiyo," alisema Joanne nyuma ya bega lake.

Chepngetich alituma.

Kwa nusu saa hapakuwa na jibu. Kisha simu zikaanza, zote za Joanne. Mlango ulifungwa, ukafunguliwa, ukafungwa. Saa tisa na robo Sean alipiga kutoka chini, mchangamfu.

"Rekodi, kosa limesahihishwa! Waambie wakubwa wako watulie."

"Mmempeleka kwenye video?"

"Nani, mzee? Hapana, mahakama iliomba tuthibitishe mtu na mahali pake, nasi tumethibitisha. Kijana tumemrudisha kumi na nne chini. Mzee tumempeleka adhabu. Sasa kila mtu yuko pale alipoandikwa."

Chepngetich alifungua kompyuta. Ghulamabbas Alireza: selo ya adhabu. Eustache Mbuyi: kumi na nne, chini. Hakuna herufi iliyobadilika tangu asubuhi. Waliobadilika ni watu.

"Sean. Yule mzee hakufanya kosa lolote la kumpeleka adhabu."

"Hilo si la kwangu, hilo limeandikwa. Dawa zake zimeshamfikia, hata hivyo. Nesi amefurahi sana. Kutembea ndiko kulikomsumbua. Tulimbebea kofia yake."

"Na mahakama?"

"Alikuwa njiani anahamishwa alipoitwa. Wamesogeza mbele. Wiki tatu."

Aliweka simu chini. Joanne alitoka ofisini kwake na karatasi ya mkataba wa Chepngetich, akasimama mlangoni. Kabla hajafungua mdomo, simu ililia.

"Dada? Mimi Kanizfatema. Wakili ananiambia sijui uthibitisho, sijui kuhamishwa, sielewi. Ametoka?"

"Hajatoka," alisema Chepngetich kwa Kiswahili. "Una kalamu?"

"Ninayo."

"Andika namba ya simu yangu, ya nyumbani, siyo hii. Andika na jina langu lote, wakili aliandike kwenye karatasi ya kuniita mahakamani. Mwambie niko tayari kusimama mbele ya hakimu niseme nilimwona nani, wapi, saa ngapi. Mwambie pia yuko kijana anaitwa Eustache, naye ana la kusema, na kuna wengine tangu Aprili."

"Watakufukuza, dada."

Joanne alisogea hatua moja. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, lakini Aprili ni Aprili.

"Andika," alisema Chepngetich, na wala hakupunguza sauti.