Vitabu Viwili na Bunduki ya Thabo

Vitabu vilikuwa viwili, na hicho ndicho kilichomponza Bakiri. Nyuma ya duka la bunduki mtaani Turffontein, ugenini, alikokuwa akiwajazia wawindaji maganda ya risasi upya, kitabu kimoja cha vipimo kiliruhusu baruti nyingi, cha pili kikakataza hata kuikaribia hesabu hiyo. Risasi ileile, baruti ya jina lilelile!

Mwenye duka alikuwa likizo. Bakiri, maskini, Mluguru wa watu, akafanya kama wafanyavyo kwao Morogoro wazee wawili wakivutana: hakumvunjia heshima yeyote, akashika katikati. Akapima, akajaza, akampelekea shemeji yake Thabo risasi ishirini. Thabo, kaka wa mkewe Nomsa, alikulia uhamishoni Morogoro, wazazi wake walipowakimbia Makaburu, na Kiswahili chake kilikuwa cha hukohuko. Jumamosi hiyo alikuwa amealikwa shambani kuwinda ngiri.

Jamani, risasi ya kwanza tu! Bunduki ilipasuka nyuma, chuma kikamwingia Thabo jicho la kulia. Dereva wa basi, baba wa watoto watatu. Madaktari walilitoa jicho siku hiyohiyo.

Siku tatu Bakiri alivipekua vitabu vile viwili. Alitaka jambo moja tu, kujua ni kitabu gani kilichosema uongo. Ndipo akasoma kurasa za mwanzo, zile ambazo miaka yote alikuwa akiziruka ili afike kwenye hesabu. Sasa ndio unasoma, bwana wee? Majuto ni mjukuu. Kila kitabu kilieleza wazi: tumepima kwa mtutu wetu wa urefu huu, kwa fataki hizi za kuwashia baruti, kwa maganda haya, kwa baruti ya toleo hili, ukibadilisha hata kimoja, anza chini kabisa, uongeze kidogo kidogo. Kumbe waandishi hawakuwa na ugomvi wowote. Kila mmoja alisimulia bunduki yake. Ile katikati ya Bakiri hakuna aliyewahi kuipima, popote duniani.

Akaenda hospitali. Thabo alikuwa ameketi kitandani, nusu ya uso imefungwa bendeji, na Nomsa akimmenyea chungwa.

"Pole, shemeji."

"Nishapoa. Eish, niambie, umegundua? Kitabu gani kilikosea? Nataka nikawashtaki hao watu."

Bakiri alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hakuna kilichokosea."

"Basi bunduki yangu ilikuwa mbovu."

"Ilikuwa nzima. Ni mimi, shemeji. Hesabu ile niliibuni mwenyewe."

Nomsa aliacha kumenya. Thabo aligeuzia ukutani jicho lake lililobaki.

"Usimwambie mwenye duka," akasema hatimaye. "Atakufukuza. Mimi basi siliendeshi tena. Jumatatu urudi kulekule ukajaze risasi, maana sasa watoto wangu wanakutegemea wewe."

Bakiri akalia kwa sauti mbele ya mkewe, kisha akaitikia.