Meno Yanayorudi Nyumbani

Fundi cherehani alilamba ncha ya uzi mweupe, akaupitisha kwenye tundu la sindano, akashona kola ya shati la shule. Alipofika mwisho wa mshono aliukata uzi kwa meno, kama alivyozoea, ingawa mkasi ulikuwa karibu na mkono wake. Ndipo alipoona doa jekundu kwenye kola. Lilikuwa dogo kama kichwa cha pini. Alilifuta kwa maji baridi na sabuni, likafifia, lakini shati lililofuata nalo likapata la kwake.

"Unavuja damu," akasema dada yake mkubwa, aliyekuwa amekaa mlangoni akishona vifungo. "Acha mswaki kwa muda. Fizi zipumzike."

"Nimeacha tangu uliponiambia mwezi uliopita."

"Basi nenda kwa daktari akuwekee meno kama yangu." Dada akatabasamu, na meno yake ya bandia yakang'aa yote sawasawa kama vigae vya bafuni.

"Wewe ukicheka nasikia vikombe vinagongana kabatini."

"Vikombe vyangu haviumi, mdogo wangu. Wewe endelea kung'ata uzi kama panya."

"Bora panya, ana ya kwake."

Dada alikuwa ameng'olewa meno yote mwaka uliopita, katika zahanati ya meno iliyo mwisho wa mtaa. Kesho yake jioni, watu wakianua nguo, meno yake yalirudi. Yalitembea kwa mizizi yake, yakifuata ukingo wa ukuta ili yasikanyagwe, magego yakitangulia. Dada aliyafungulia mlango, akayaosha, akayaweka kwenye bakuli juu ya kabati. Mawili tu hayakuja. Mtaa mzima ulijua maana yake: jino bovu hubaki kwenye ndoo ya zahanati, na jino zima hurudi nyumbani. Kinyozi aliyaweka ya kwake kwenye kopo la poda. Hakuna aliyelifanya jambo hilo kuwa kubwa. Watu walijifunza tu kutazama chini wanapofagia.

Wiki hiyo mwenye duka la sare alirudisha mashati matatu.

"Fundi, wazazi wananiuliza mtoto kaumia wapi, na shati hata hajalivaa," alisema. "Mimi sina ugomvi na wewe. Ila nikiona doa jingine, kazi naipeleka kwa yule wa ng'ambo ya barabara."

Fundi hakuwa na mteja mwingine wa kutegemea. Alijaribu kutumia mkasi, lakini uzi bado ulitaka kulambwa kabla ya kuingia kwenye sindano, na ulimi wake ulikuwa na damu kila alipoamka. Alichukua lile bakuli la dada juu ya kabati, akalifunika kwa kitambaa, akaenda nalo zahanati.

Daktari wa meno alikuwa mtu mpole, mwenye mikono iliyonukia karafuu. Alimmulika fundi mdomoni, akapitisha chuma chembamba kati ya ufizi na jino, jino moja baada ya jingine.

"Fizi zako zina ugonjwa," alisema. "Ukoga ukikaa kwenye jino unakuwa mgumu kama chokaa kwenye birika. Unajipenyeza chini ya ufizi, ufizi unavimba, unaachana na jino. Mwisho mfupa unaolishika jino unalika. Hauumi, ndiyo maana watu wanachelewa. Nani alikwambia uache mswaki?"

"Dada yangu."

"Ufizi unaovuja damu ndio unaotaka mswaki zaidi. Mswaki laini, taratibu, asubuhi na kabla ya kulala. Hata hivyo, meno yako nitayang'oa."

Fundi akafunua bakuli. Meno ya dada yakageukia mwanga.

"Aa," daktari akasema, akainama kuyatazama. "Hili gego nalikumbuka. Lilinitoa jasho."

"Lilikuwa zima?"

"Zima kabisa."

"Sasa mbona ulilitoa?"

"Ufizi ulikuwa unavuja. Jino likitoka, ufizi unapona."

"Na kama ungekwangua huo ukoga?"

"Ungepona pia." Daktari akaonyesha pembeni, ambako mashine ya kukwangua ilikuwa imefunikwa kitambaa kilichofumwa maua. "Ila kukwangua kunataka mgonjwa aje, arudi, arudi tena, na mimi niko peke yangu. Makao makuu wanauliza nimevalisha meno ya bandia watu wangapi. Fizi zilizopona hawaziulizii."

"Nikwangulie mimi, daktari. Nitarudi kila utakaponiita."

Daktari akafikiri. Akasema hana neno, ila ncha ya mashine ilishakatika. Angeagiza nyingine.

Fundi akasubiri. Alipiga mswaki laini, taratibu, akasukutua kwa maji ya chumvi. Damu ikapungua, haikukoma, kwa kuwa chokaa iliyo chini ya ufizi haifikiwi na mswaki. Kila alipopita zahanati aliuliza, na daktari alijibu kwa adabu ile ile kwamba ncha iko njiani. Mvua zikaanza, zikaisha. Siku mwenye duka aliporudi na shati moja mkononi, amelikunja ili doa liwe juu, fundi alifunga cherehani akaenda kuketi kwenye kiti cha daktari.

Alichomwa sindano ya ganzi. Alisikia koleo likisukuma na kuvuta, bila maumivu, kama mtu anayehamisha kabati chumba cha pili. Daktari alimweleza mambo ya mbele: fizi zikishapona atauma udongo laini ili ipatikane sura ya mdomo wake, meno ya bandia ayavue usiku, ayapige mswaki, ayaweke kwenye maji yasiyo moto, na arudi yatakapoanza kulegea, maana mfupa usio na jino hupungua. Fundi akaitikia kwa kichwa, pamba mdomoni.

Kesho yake jioni dada aliacha mlango wazi.

"Ufunge," fundi akasema, kwa sauti ambayo alikuwa bado hajaizoea.

"Sasa yatapita wapi?"

"Yasije. Yakiwa mabovu hayatakuja, na mimi nitalala."

Dada akainuka. Alirudishia mlango, akaketi karibu naye. Wote wawili wakawa wanasikiliza. Haikuchukua muda kikasikika kishindo chepesi kwenye saruji, kisha kugonga, chini kabisa ya mlango. Fundi hakuinuka. Kugonga kukaendelea bila haraka wala hasira, mpaka dada akanyoosha mguu akausukuma mlango. Yakaingia yote. Hata lile la mbele lililokuwa limelegea liliingia, likichechemea, yakajipanga mbele ya miguu ya fundi.

Asubuhi daktari alipita kwa fundi akienda kazini, akasimama kidogo.

"Yamefika salama?"

"Yamefika."

"Yote?"

"Yote."

"Afadhali," alisema daktari, kwa kuwa mengine hukanyagwa njiani. Akamtakia kazi njema, akaenda kufungua zahanati, ambako foleni ilikuwa imeshafika kwenye bomba la maji la mtaa.