Mkono wa Clarrie Juu ya Paja

...na huo weusi kwenye ufizi mimi nilidhani ni mbegu ya nyasi, maana huku Nyngan mbwa gani wa kuchunga kondoo asiyechomwa na mbegu za nyasi kiangazi, na ile harufu nikasema kala mzoga, Biddy huyu, hana adabu kabisa, kumbe, na sasa Dokta Narelle, daktari wa mifugo, kamfunua mdomo pale mezani anasema, "Ni saratani, mama, ile kali, tunaweza kukata taya la chini upande huu, wengi wanajifunza kula upya," wanajifunza, ndiyo, hata mume wangu Clarrie alijifunza, supu kwa kijiko, taulo kifuani, "ila mara nyingi inakuwa imeshaingia mapafuni, kwa hiyo ni miezi, tukibahatika mwaka," miezi, hata daktari wa Clarrie alisema miezi, nami ndiye niliyesema kateni, kateni tu, wakamkata taya, na baada ya hapo Clarrie hakuongea tena, alibaki na mkono, kutwa anapiga paja lake pale kitandani, pa, pa, vile alivyozoea kumwita mbwa aache kondoo arudi, kazi imekwisha, nikamwambia nesi huyu anamtaka mbwa wake, nikaendesha hadi nyumbani nikamleta Biddy, nikamnyanyua dirishani, "Mzee, huyu hapa!" na Clarrie hakumtazama Biddy hata kidogo, alinitazama mimi, pa, pa... Mungu wangu, hakuwa anamwita mbwa, miaka yote hii namwona akinitazama vile na leo ndiyo naelewa, aliniambia mimi niache, basi, imetosha, na mimi mjinga nimesimama nje nampungia mguu wa mbwa, nacheka, "Mama Dulcie, unanisikia?" nakusikia, binti yangu, nakusikia, "Akibaki bila kukatwa tutampa dawa ya maumivu, na ikizidi tunamlaza kwa sindano asiamke tena, hatateseka," hatateseka, nani aliniambia hivyo wakati ule, ee Clarrie, nisamehe, naogopa, nyumba ile nitaingiaje peke yangu, lakini hofu ni yangu, siyo ya Biddy, wewe nilikutwisha ukaibeba hadi mwisho, huyu simtwishi, usikate, nasema, usikate, mwanangu, au nadhani tu nimesema, kumbe ni moyoni, kwa sababu Narelle bado ananitazama, anasubiri nijibu...