Sikio la Kushoto

Shoka hakuwa na vitu vingi. Hakuwa na meno ya mbele, ya juu wala ya chini. Hakuwa na kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kwani kilibaki machinjioni kwenye msumeno wa mifupa. Hakuwa na mke, alishamzika. Hakuwa na mgeni wa Jumapili, wala jina la kujaza kwenye ile fomu inayouliza ukiumwa aitwe nani. Subira hakuwa nayo tangu utotoni, na mwenyewe alikiri. Na hakuwa na picha hata moja ya mwanawe wa pekee, maana kijana alipoondoka nyumbani alizibeba zote, hadi ile ndogo ya kitambulisho cha shule.

Alichokuwa nacho ni mikono. Miaka arobaini ya kuchinja ilikuwa imemfundisha mfupa unakaa wapi chini ya ngozi. Kwa hiyo pale makazi ya wazee alimoishi yalipoanzisha darasa la ufinyanzi, Jumanne na Alhamisi asubuhi, kwenye chumba kilichokuwa cha kufulia nguo, yeye alikwenda siku ya kwanza ili acheke watu, na siku ya pili akawahi kuliko mwalimu. Wenzake walihangaika na vikombe vilivyopinda. Shoka alisimamisha kichwa cha mtu. Wiki ya tatu kichwa kilikuwa na taya, na wiki ya tano kilikuwa na macho yanayokukwepa.

Kilikuwa kichwa cha mwanawe akiwa na miaka kumi na sita. Sikio la kulia lilisimama vizuri, kama la kijana yeyote. La kushoto alilifinyanga limepondeka, gegedu limevunjwa na kulala juu ya kichwa kama jani lililokanyagwa. Hakumweleza mtu kwa nini.

Mwalimu, dada mpole aliyewaita wote baba na mama, alikuwa ametangaza kwamba mwisho wa muhula patakuwa na maonyesho, na kila mmoja amwalike mgeni mmoja kwa barua ya mkono wake. Simu hakutaka; alisema simu inasahaulika. Shoka alikuwa ameshapata anwani ya mwanawe kwa shemeji yake, baada ya kumbembeleza mwezi mzima. Miaka ishirini na miwili baba na mwana hawakuwa wamesemezana. Barua alikuwa hajui aianzeje. Lakini alijiambia kwamba kijana akija tu na kuliona lile sikio, ataelewa, na mdomo wa baba hautakuwa na kazi.

Sasa, udongo ukikauka haraka kabla ya kuingia tanurini hupasuka. Darasa likajiwekea zamu: kila siku mmoja wao anafunua kazi za wote, anazinyunyizia maji, anazifunika tena kwa kitambaa kibichi. Akikuta ufa anauziba. Akikuta kitu kimelegea kwa maji na kulala, anakinyanyua. Walikubaliana hivyo, na Shoka mwenyewe aliunyoosha mkono.

Jumatano ilikuwa zamu ya Sindano. Huyu alikuwa fundi wa suti, mzee mwembamba, msafi, aliyeshindwa kumpita mtu mwenye kola iliyokunjika bila kuinyoosha. Alhamisi asubuhi Shoka alikifunua kichwa chake akakuta sikio la kushoto limesimama. Limesuguliwa, limelainishwa, lina ukingo mzuri kama la sanamu ya dukani.

Aliuliza nani alikuwa zamu.

"Mimi, kaka," alisema Sindano kwa furaha. "Nilikuta limelala hoi, nikaliamsha. Tena nimelipendezesha kuliko lile jingine. Shukrani utanipa baadaye."

Shoka alilitazama lile sikio jipya. Lilikuwa zima kabisa. Lilikuwa linasema kwamba hakuna kilichotokea.

Gongo la kusukumia udongo lilikuwa mezani. Pigo la kwanza lilitua kwenye bega la kushoto la Sindano, na mfupa wa mtulinga ukalia kama kijiti kikavu; kila mtu chumbani aliusikia. La pili lilimkuta mdomoni akiwa bado anatabasamu, kwa sababu uso wake haukuwa umepata habari. Alianguka juu ya rafu, vikombe vya watu vikashuka pamoja naye. Shoka alimfuata chini. Alimpanda kifuani kwa goti na kushusha mengine mawili ya mbavuni, bila kelele, kwa mpangilio, kama mtu aliye kazini.

Lakini Sindano hakuwa wa kufa kirahisi. Mkono wake wa kulia ulipapasa sakafuni ukapata msumari wa kuchorea udongo, naye akauzamisha kwenye paja la Shoka mpaka ukagonga mfupa, akauchomoa, akauzamisha tena. Damu ilitoka nyingi. Wazee wawili, umri wao ukijumlishwa mia na hamsini, walibingirika kwenye udongo na damu wakitafutana macho, mmoja hana meno ya kung'ata na mwingine sasa amepungukiwa mawili.

Aliyewatenganisha ni Mkunga, bibi wa darasa lilelile aliyezalisha watu miaka thelathini na kuzoea sakafu za namna hiyo. Aliwamwagia ndoo nzima ya maji ya udongo. "Mkimaliza kuuana mseme," alisema, "maana mimi sifagii maiti bila kuambiwa." Kisha akapiga magoti na kuanza kufunga majeraha, akimkaripia mwalimu aliyekuwa analia aache kulia amletee mkasi.

Msimamizi wa makazi, mama wa sauti ya chini asiyerudia neno, alikuja kitandani kwa Shoka mchana uleule. Polisi hakuwaita, kwa sababu Sindano alikataa. Ila Jumanne, alisema, mbele ya darasa, aliyepigwa ndiye ataamua. Akisema Shoka aondoke, Shoka atahamishwa siku hiyohiyo, na kichwa chake kitarudishwa kwenye pipa la udongo kama kazi ya mtu asiyekuwepo.

Siku nne Shoka alikaa na mguu wake. Kuhama hakukumtisha, kwake chumba ni chumba. Kilichomtafuna ni lile pipa. Alijua kichwa kile hataweza kukifinyanga tena, mikono ilishaanza kutetemeka. Mkunga alipokuja kubadilisha bandeji alimweleza kwamba Sindano anakunywa uji kwa mrija na kukaa wima usiku kucha, na akamuuliza sikio lina nini hasa. Shoka aligeukia ukutani. Mkunga alimkaza bandeji kuliko ilivyohitajika akaenda zake.

Jumanne Sindano aliingia mkono wa kushoto ukining'inia shingoni kwa kombeo, midomo imevimba. Msimamizi alimtaka aseme neno lake.

"Kwanza nijue," alisema Sindano, maneno yakimtoka kwa taabu. "Nimeshona suti za maharusi, nimeshona za maiti. Hakuna aliyenivunja mfupa kwa kumnyooshea kola. Sikio tu, kaka. Kwa nini?"

Shoka alikitazama kichwa chake chini ya kitambaa.

"Nililivunja mimi," alisema Shoka.

Na akishaanza, hakuacha. Alieleza kwamba kijana alikataa kumfuata machinjioni, akasema anataka shule, tena alisema kwa adabu. Alieleza mkanda wake mpana wa kazini, na jinsi alivyoushika upande wa ngozi ili kile chuma cha kufungia ndicho kipige. Pigo la kwanza lilimwangusha kijana. Matatu yaliyofuata alimpiga akiwa chini. Sikio halikusikia tena. Halafu akaeleza lile ambalo hata marehemu mkewe hakulijua: kwamba alisimama kando ya kitanda cha hospitali, mkono begani mwa mtoto, akimfinya, mpaka mtoto alipomwambia daktari kwamba alianguka ukutani. Ukoo mzima uliambiwa hivyo. Mpaka leo ukoo unasema hivyo.

"Wewe ukaja ukalinyoosha," alimwambia Sindano. "Kama daktari mwingine aliyedanganywa."

 Sindano alimwambia msimamizi kwamba Shoka asihamishwe. "Ila nami nina changu. Nataka nimpige. Mara moja, basi."

Msimamizi alisema kanuni haziruhusu. Mkunga akamwomba aje dirishani amwonyeshe bustani inavyokauka, na msimamizi, baada ya kumtazama Shoka usoni, alikwenda akaitazama bustani.

Shoka alivua kofia, akaketi kwenye kigoda, akageuza shavu kidogo. Sindano alisimama mbele yake. Ule mkono wa kulia ulikuwa umekata vitambaa vizito kwa mkasi kwa miaka hamsini, na kiganja chake kilitua wazi juu ya sikio la kushoto la Shoka kwa sauti ya ubao unaopasuka. Shoka alitoka kwenye kigoda na kulala chini. Kitu ndani ya kichwa chake kilichanika. Alipofungua macho aliiona midomo ya watu ikitembea, lakini upande mmoja wa dunia ulikuwa umefungwa, na mahali pake palikuwa na mlio mwembamba usiokoma. Tone la damu lilimshuka shingoni.

Alibaki sakafuni akiusikiliza ule mlio. Alikuwa hajawahi kujiuliza hata siku moja mtoto alisikia nini.

Hakuna aliyemnyanyua. Aliinuka mwenyewe, akachechemea hadi kwenye kichwa chake, akaondoa kitambaa. Akachukua gongo lilelile. Alilipiga sikio la udongo pigo moja, palepale lilipostahili, likalala. Sindano alisogea na chupa ya maji, akanyunyiza, akafunika kwa mkono wake mmoja, na safari hii hakunyoosha chochote.

Mwalimu alijitolea kumwandikia barua. Shoka alikataa. Aliandika mwenyewe pale mezani, herufi kubwa, na ilimchukua asubuhi yote.

"Mwanangu. Hukuanguka ukutani. Nilikupiga mimi kwa chuma cha mkanda, na nikakulazimisha useme uongo. Nimewaambia watu wa hapa, na nitawaandikia baba zako wadogo na shangazi zako. Nimekifinyanga kichwa chako, na sikio nimeliacha kama nilivyolifanya. Maonyesho ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Usipokuja sitauliza. Ukija, hatutaweza kukaa ubavu kwa ubavu, kwa sababu la kushoto langu nalo sasa halisikii. Itabidi tukae tukitazamana. Baba yako."

Aliikunja mara mbili. Gundi ya bahasha aliilowesha kwa kitambaa kilekile cha kufunikia udongo, akaikandamiza kwa kidole gumba, na alama ya udongo ikabaki pale ilipofungwa. Mkunga alitaka kuifuta. Shoka alimwambia aiache. Kisha aliuvuta mguu wake mbovu hadi kona ya mtaa, kwenye sanduku la posta, akaitumbukiza.